Pimeni Nguvu na Ukubwa, Jawabu Waachieni Wanafunzi: Barua ya Wazi kwa Waandishi wa Kanuni za Mashindano ya Roboti

Kwenu wajumbe wa kamati zinazoandika kanuni za mashindano ya roboti ya wanafunzi, Kenya, Tanzania na nchi jirani,

Tunawaandikia kabla kanuni za msimu ujao hazijachapishwa, kwa kuwa zikishachapishwa sehemu kubwa ya ubunifu itakuwa imeshaamuliwa, tena na nyinyi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayekata plaiwudi anachagua ndani ya uwanja mliomchorea. Mkiuchora vizuri atakuwa na mengi ya kuchagua. Mkiuchora vibaya atanakili roboti aliyoiona kwenye video, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Hatuombi mipaka iondolewe. Roboti isiyo na mipaka haibuniwi, inanunuliwa: shule yenye mfadhili inaongeza mota, inaongeza betri, inaagiza mkono uliokwisha kuundwa kiwandani, na shindano linaishia dukani. Tunachoomba ni mbane kile ambacho mkaguzi anaweza kukipima mezani, yaani ukubwa, uzito, umeme, idadi ya vipande na kiasi cha malighafi, kisha muache huru mambo mawili: kipande kimetoka wapi, na tatizo limetatuliwaje. Kanuni nyingi zinazotufikia zimefanya kinyume chake. Zinataja chapa ya seti ya vipande vya roboti inayoruhusiwa, zinakataza kila kisichomo ndani yake, halafu hazisemi lolote kuhusu fyuzi.

Wazo la kubana ili akili iamke si geni. Katika miaka ya 1970 Woodie Flowers, mwalimu wa uhandisi mitambo katika chuo kikuu cha MIT kule Marekani, aliwapa wanafunzi wa somo lililojulikana kwa namba 2.70 kila mmoja boksi la vikorokoro vilevile, akawatajia kazi ya kufanywa, akawaacha washindane. Baadaye yeye na Dean Kamen walilitumia wazo hilo katika FIRST, taasisi ya mashindano ya roboti ya wanafunzi aliyoianzisha Kamen mwaka 1989 na ambayo shindano lake la kwanza lilifanyika 1992 huko New Hampshire. Vikorokoro vilikuwa vilevile, mashine zilizotoka hazikufanana.

Kwa bara letu upo mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2012 African Robotics Network, mtandao ulioanzishwa na Ayorkor Korsah wa Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana pamoja na Ken Goldberg wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulitangaza shindano la kubuni roboti ya kufundishia ya dola 10. Moja ya roboti zilizoshinda, Lollybot, iligharimu dola 8.96. Mwili wake ni kidhibiti cha michezo ya video. Mota zake mbili za mtetemo ziligeuzwa kuwa za magurudumu, na pipi za vijiti zikachomekwa kwenye vifimbo vya kuongozea ili roboti ikigonga ukuta, uzito wa pipi usukume kifimbo na kompyuta ijue kuna kizuizi. Kanuni haikutaja pipi wala kidhibiti. Ilitaja bei.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo inapoonekana kikomo kizuri kinafanya nini. Chukueni kazi hii: roboti ibebe tofali la mbao la gramu 400 na kuliweka kwenye rafu yenye kimo cha sentimita 30. Mipaka ni minne. Roboti ianze ikiwa ndani ya boksi la sentimita 25 kila upande, isizidi kilo 1.2, itumie seli mbili za lithiamu za aina ya 18650 zilizounganishwa mfululizo, na iwe na fyuzi moja ya ampia 5.

Wazo la kwanza la karibu kila timu ni mkono. Mhimili ukiwa kimo cha sentimita 15 na mkono ukiwa na urefu wa sentimita 20, mkono utazunguka kutoka nyuzi 49 chini ya mlalo hadi nyuzi 49 juu yake ili kupandisha mzigo sentimita 30. Mahali pagumu ni pale mkono unapolala sawasawa: kilo 0.4 mara sentimita 20 ni kilo-sentimita 8, kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Mkono wenyewe ukiwa na gramu 100, ongezeni 1, mnapata 9. Servo, yaani mota inayogeuka hadi pembe inayoamriwa, iliyo ndogo ya SG90 inatoa karibu 1.8, kwa hiyo imeshatoka. Mwanafunzi atasema aifungie gia za moja kwa tatu, atapata 5.4, bado haitoshi, na nyuzi 180 za servo zitakuwa zimegeuka 60 ilhali anahitaji 98. Servo kubwa ya MG996R inatoa karibu 9.4 kwa volti 4.8. Kwenye karatasi inatosha. Mezani itanyanyua mara mbili tatu kisha itakwama katikati ikinguruma, kwa kuwa inafanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, na servo hiyo ikikwama huvuta hadi ampia 2.5.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Timu moja itafunga ukanda wa tyubu ya baiskeli nyuma ya mkono ili mpira ubebe kilo-sentimita 4 kati ya zile 9. Servo itabakiwa na 5 na itapumua. Gharama yake ni kwamba mkono mtupu utataka kuruka juu, na programu lazima iushikilie chini kwa nguvu ya karibu 3. Timu nyingine itaacha mkono kabisa na kutengeneza winchi. Kigogo chenye nusu kipenyo cha sentimita 0.5, kikivuta mshipi wa kuvulia, kinahitaji 0.4 mara 0.5, yaani kilo-sentimita 0.2 tu, mzigo ambao hata mota ya njano ya plastiki yenye gia za 1:48 inaumudu. Lakini kigogo hicho kitazunguka karibu mara tisa na nusu, ambazo ni sekunde 5 hivi kwa mizunguko 120 kwa dakika, na mnara wa zaidi ya sentimita 30 hauingii kwenye boksi la 25, kwa hiyo utakuwa wa kukunjwa au wa kuchomoza. Hata timu ya mkono haikwepi boksi: mkono wa sentimita 20 ukisimama juu ya mhimili wa 15 unafika 35, hivyo lazima uanze ukiwa umelazwa nyuma.

Kuna na kuanguka kifudifudi. Mhimili wa mkono ukiwa sentimita 5 nyuma ya magurudumu ya mbele, tofali litakuwa sentimita 15 mbele ya magurudumu hayo wakati mkono uko mlalo. Gramu 400 mara 15 ni gramu-sentimita 6,000. Roboti ya gramu 1,200 inahitaji kitovu chake cha uzito kiwe zaidi ya sentimita 5 nyuma ya magurudumu hayo, la sivyo itapiga pua. Ongezeni nyuma mguu wa kubebea betri? Utagonga boksi. Ongezeni uzito? Mizani itakataa. Kikomo kimoja pekee humfanya mwanafunzi ajibane. Viwili vinavyovutana ndivyo vinavyomlazimisha kubuni, na tungependa kila kanuni mnayoiandika mwiulize inavutana na ipi.

Mfano wa uzito tuuseme kwa tarakimu. Karatasi ya plaiwudi ya milimita 3, sentimita 60 kwa 60, ina uzito unaokaribia gramu 650. Seli mbili, bodi ya Arduino Uno (ubongo wa roboti), mota nne za njano na magurudumu yake, bodi ya kuendesha mota, servo kubwa moja, kishikio cha betri na nyaya ni kama gramu 550. Jumla ni 1,200 kabla ya skrubu hata moja. Mkiruhusu karatasi hiyo moja na kilo 1.2, mmewaambia wanafunzi watoboe matundu ya kupunguza uzito, au wapunguze mota, au watumie bomba la plastiki badala ya mbao, bila ninyi kuandika neno lolote kati ya hayo. VEX, wenye shindano jingine la kimataifa la roboti za wanafunzi, walitumia njia ya namna hii kwa misimu mingi: plastiki ya kukata ilihesabiwa kwa eneo la karatasi moja ya inchi 12 kwa 24, hivyo ilimpasa mwanafunzi kupanga vipande vyote vienee kwenye karatasi hiyo moja. Printa za 3D nazo zisipigwe marufuku, zihesabiwe kwa gramu. Gramu 100 za plastiki iliyochapwa zinatosha kwa viunganishi muhimu na hazitoshi kwa mwili mzima, hivyo shule yenye printa inapata unafuu bila kupata ushindi.

Sasa kuhusu kanuni tunayoiona kuwa na madhara makubwa kuliko zote: ile inayosema vipande vyote vitoke kwenye seti ya chapa fulani na hakuna kingine. Tunaelewa ilikotoka. Ukaguzi unakuwa rahisi, na inaonekana ni haki. Lakini tazameni inachokataza. Roboti nyingi za wanafunzi hujizima ghafla servo kubwa inapoanza kunyanyua. Sababu inajulikana: servo imeunganishwa kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, regyuleta ndogo ya bodi (kifaa cha kushusha na kutuliza volti) inalazimika kushusha volti 7.4 hadi 5 huku ikipitisha zaidi ya ampia 1, joto lake linazidi wati 2, inajikata, na bodi inaanza upya katikati ya mchezo. Tiba ni bodi ya kupunguza volti ya LM2596 kwa ajili ya servo peke yake, kapasita (kihifadhi umeme cha muda mfupi) ya mikrofaradi 470 hadi 1,000 karibu na plagi ya servo, na waya hasi wa mifumo yote kuunganishwa pamoja. Vifaa hivyo vipo Luthuli Avenue, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Kanuni ya seti pekee inavikataza, na mwanafunzi aliyeelewa umeme kuliko wenzake ndiye anayeambiwa akae kimya.

Vivyo hivyo kwa bodi ya kuendesha mota. L298N, iliyomo kwenye seti nyingi za bei nafuu, inameza karibu volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Timu inayotumia betri nne za AA za kuchajiwa, volti 4.8, inabakiwa na 2.8 kwa mota zinazotaka 3 hadi 6. Roboti inatetemeka mahali pamoja na mwalimu anadhani programu ina kasoro. Bodi nyingine ya kazi hiyohiyo, TB6612FNG, hupoteza karibu nusu volti tu kwa ampia 1. Kubadilisha bodi moja kunafufua roboti, na kujua kwa nini imefufuka ni somo zima la fizikia. Halafu kuna jua. Kumbi zetu nyingi zina madirisha mapana na mashindano hufanyika mchana. Mwanga wa jua una infraredi tele, mwanga usioonekana kwa macho, na vihisi vya TCRT5000 vya kufuata mstari hupofuka kila roboti inapopita kwenye mwale. Anayeruhusiwa kutumia kihisi kitupu badala ya moduli anaweza kuwasha na kuzima taa yake, akasoma mara mbili na kutoa tofauti, jua likaondoka kwenye hesabu. Asiyeruhusiwa anabaki kuomba kupangiwa meza ya kivulini.

Kufunga kanuni kwenye chapa kuna hatari nyingine, ya kushikwa na maamuzi ya watu msiowajua. LEGO waliacha kutengeneza seti ya roboti ya EV3 mwaka 2021, na mwishoni mwa 2022 wakafunga jina zima la Mindstorms, lililokuwa la seti zao za roboti. Shule iliyochangishana kununua seti hizo haikuulizwa. Na seti inayotoka nje ikichelewa, timu nzima inachelewa. Mwaka 2017, katika shindano la kwanza la FIRST Global mjini Washington, vifaa vya wasichana wa Afghanistan vilizuiliwa forodhani kwa miezi wakati timu nyingine zilikuwa zimeshaanza kujenga. Hatusemi seti zifukuzwe. Mwenye seti aje nayo. Asiye nayo aruhusiwe kuja na mota ya printa iliyokufa, ekseli ya njiti ya baiskeli ya milimita 2 na tairi la kandambili, mradi vipimo ni vilevile.

Swali mtakalouliza ni bei: mota ya printa ihesabiwe shilingi ngapi? Msihesabu shilingi. Bei zinatofautiana kati ya Mwanza na Mombasa, risiti hubuniwa, na zawadi ya mzazi haina risiti. Chapisheni orodha ya pointi, kila timu ipewe 100, na kifaa kihesabiwe kwa aina yake hata kama kimeokotwa. Tunapendekeza kwa kuanzia: bodi ya daraja la Arduino Uno pointi 15, kompyuta ndogo ya daraja la Raspberry Pi 40, kamera 20, mota ya kawaida 8, servo ndogo 5, servo kubwa 12, kihisi cha mstari 3, kihisi cha umbali 5. Vipande vya umbo, kapasita, nyaya na bodi za kupunguza volti visihesabiwe. Kwa orodha hiyo timu moja inaweza kuwa na Uno, mota nne, servo kubwa moja, servo ndogo mbili, vihisi vya mstari vitano na cha umbali kimoja, jumla 89. Nyingine ikichagua Raspberry Pi na kamera imeshatumia 60, na kwa 40 zilizobaki itapata mota mbili, servo kubwa moja na ndogo mbili, jumla 98. Ya kwanza ina misuli, ya pili ina macho. Hatujui ipi itashinda, na ninyi msijue pia wakati mnaandika. Mkiona moja inashinda kila mara, badilisheni pointi mwaka unaofuata.

Kuhesabu mota kwa idadi tu kuna kasoro ambayo VEX waliigundua na kuirekebisha. Kwa misimu kadhaa kikomo chao kilikuwa mota 8. Kuanzia msimu wa 2023-2024 wakahesabu wati: mota za wati 11 na za wati 5.5 kwa mchanganyiko wowote usiozidi 88. Mota 8 kubwa ni 88. Kubwa 6 na ndogo 4 nazo ni 88. Ghafla kipo kitu cha kujadiliana: je, mdomo wa kukusanyia mipira unahitaji kweli mota nzima? Sisi hatuna mota zenye wati zilizothibitishwa, ila tunayo fyuzi, na fyuzi ni kikomo cha nguvu kilicho bora kuliko kingine chochote kwa mazingira yetu.

Tunaomba fyuzi ya bapa ya gari, ampia 5, ile yenye rangi ya hudhurungi hafifu. Inapatikana katika kila duka la vipuri na mkaguzi anaitambua kwa rangi. Ya ampia 10 ni nyekundu, haiwezi kujificha. Iwekwe kwenye waya chanya ndani ya sentimita 10 kutoka kwenye betri, kabla ya swichi. Mjue tabia yake pia, msije mkaandika kanuni isiyoendana nayo: fyuzi ya 5 haikatiki mkondo ukifika 5. Hupitisha 5.5 kwa muda mrefu, na ikipewa 10 hukatika ndani ya sekunde chache, wakati mwingine chini ya moja. Mota nne za njano zikianza pamoja zinaweza kuvuta jumla ya ampia 5 kwa kitambo kidogo, fyuzi inavumilia. Roboti ikisukuma ukuta huku servo mbili kubwa zimekwama, jumla inakaribia 10, na fyuzi inaondoka. Basi mwanafunzi anajifunza kuandika programu inayosimamisha magurudumu kabla ya kunyanyua, au inayozipa mota kasi taratibu. Huo ni ubunifu uliozaliwa na kipande cha chuma chembamba kinachouzwa dukani kwa bei ya soda au chini yake.

Msiweke kikomo cha betri kwa mAh (kipimo cha ujazo wa umeme) zilizoandikwa kwenye ganda. Seli bandia za 18650 zinaandikwa 9900 wakati seli nzuri za kweli kwa kawaida hazizidi 3500 sana. Kanuni ya maandishi inamwadhibu mwenye seli halisi. Zihesabuni kwa idadi na kwa mizani: seli halisi ina gramu 45 hadi 50, iliyo nyepesi mno chini ya hapo itiliwe shaka. Pimeni na volti. Seli mbili mfululizo zisizidi 8.4, na ikiwa chini ya 6.0 isiruhusiwe uwanjani wala isichajiwe bila fundi kuiangalia, kwa kuwa seli ya lithiamu iliyoshuka sana inaweza kuwaka inapochajiwa. Seli iliyochubuka ganda ikataliwe papo hapo, bila mjadala.

Ukubwa upimwe mwanzoni tu. World Robot Olympiad, shindano la kimataifa la roboti za wanafunzi, katika kundi la RoboMission hutumia milimita 250 kila upande kabla ya roboti kuondoka, na FIRST Tech Challenge, moja ya mashindano ya FIRST, hutumia inchi 18. Zote zimeonyesha kwamba ruhusa ya kupanuka baada ya kuanza ndiyo inayozaa mikono ya kukunja, reli za kuchomoza na milango inayofunguliwa kwa raba. Kanuni ya "isizidi wakati wowote" inaua hayo yote na kuacha masanduku yenye magurudumu. Ikiwa mnaogopa roboti itakayotanda uwanja mzima, wekeni kikomo cha pili cha upana baada ya kupanuka, sentimita 45 kwa mfano.

Tukubaliane pia kuacha kanuni zisizopimika. "Roboti ijengwe na wanafunzi wenyewe" ni nia njema, lakini mkaguzi hana kifaa cha kuipima, na isiyopimika humbana mwaminifu peke yake. Kanuni ya nia njema inaweza hata kugeuka. Katika FIRST Robotics Competition, shindano la FIRST la roboti kubwa, hadi 2019, timu zilijenga kwa wiki 6 kisha zikaifungia roboti kwenye mfuko wenye lakiri, zikiruhusiwa kubaki na vipande vya hadi pauni 30. Ilikusudiwa usawa. Timu tajiri zilijenga roboti ya pili inayofanana na ile iliyofungiwa, zikaendelea kujizoeza, na timu maskini zikabaki zikitazama mfuko. Kuanzia msimu wa 2020 kanuni hiyo ikafutwa.

Badala ya kuapisha wanafunzi, wapeni mabadiliko siku ya shindano. World Robot Olympiad wana desturi ya kutangaza kanuni ya kushtukiza asubuhi ya mashindano. Hapa inaweza kuwa hivi: tofali la gramu 400 linabadilishwa kuwa la 300 lenye upana zaidi kwa sentimita 1, au rafu inahamishwa upande wa pili, na kila timu inapata dakika 60 bila mwalimu. Waliojenga wenyewe watajua skrubu ipi ilegezwe. Waliojengewa wataonekana bila mtu kuwatuhumu. Ongezeni daftari la uhandisi lenye michoro ya mkono na tarehe, na maswali ya dakika 3 mezani: kwa nini gia hii, mlijaribu nini kabla, fyuzi yenu imewahi kukatika lini.

Meza ya ukaguzi yenyewe haina gharama kubwa. Boksi la plaiwudi lisilo na kitako, sentimita 25 ndani kwa ndani, linashushwa juu ya roboti na lazima liguse meza kwa uzito wake lenyewe, bila kusukumwa; nyaya zinahesabiwa kuwa sehemu ya roboti. Mizani ya jikoni ya kilo 5. Multimita ya kupimia volti. Orodha ya pointi iliyochapwa. Mkaguzi anaanza na boksi, anapima uzito, anapima volti, anaitoa fyuzi na kuitazama, anahesabu pointi, anasaini kadi na kubandika stika. Dakika 4 zinatosha. Roboti 40 kwa meza mbili ni saa 1 na dakika 20. Iliyofeli ipewe sababu kwa maandishi na nafasi ya kurudi kabla ya mchezo wake wa kwanza, kwa sababu nyingi hufeli kwa waya uliochomoza au skrubu ndefu. Boksi moja la aina hiyo lipelekwe kila mkoa au kaunti miezi miwili kabla, lililokatwa kutoka kipimo kimoja, ili timu ya Kigoma isije kugundua Dodoma kwamba boksi la huko ni dogo kwa milimita 3.

Mwisho ni ratiba. Chapisheni kanuni, orodha ya pointi, mchoro wa meza wenye vipimo vyote na aina ya taa za ukumbi angalau wiki 12 kabla ya raundi ya kwanza. Fungueni ukurasa mmoja wa maswali, mjibu ndani ya siku 3, na jibu liwe wazi kwa timu zote, kwani jibu linalotolewa kwa simu kwa mwalimu mmoja ni upendeleo hata kama halikukusudiwa. Baada ya wiki ya nne msibadilishe namba yoyote isipokuwa kwa usalama. Kila msimu mpya, badilisheni angalau kikomo kimoja kikubwa: mwaka huu uzito, mwakani idadi ya seli, mwaka unaofuata malighafi. Kanuni zikikaa vilevile miaka mitatu, roboti zote zitafanana.

Tuko tayari kujitolea kuandaa rasimu ya orodha ya pointi, kuchora boksi la kipimo na kufundisha wakaguzi wa mikoa na kaunti. Tunachohitaji kutoka kwenu ni tarehe ya kikao.

Wenu,
Walimu wa klabu za roboti, mafundi wa elektroniki na wakaguzi wa mashindano